Kisahani Namba Saba

Alhamisi, saa moja na dakika arobaini asubuhi, Fundi wa maabara alifungua kabati la joto akakuta visahani kumi na kimoja. Jana yake jioni viliwekwa kumi na viwili. Alihesabu tena kwa kidole, kisha mara ya tatu kwa sauti, kana kwamba kisahani kilichopungua kingeona haya na kujitokeza. Dakika mbili baadaye alikikuta ndani ya ndoo ya klorini iliyo chini ya sinki, kimevunjwa vipande vipande. Kwenye kipande cha mfuniko stika ilikuwa bado inasomeka: namba saba, pamoja na jina la msichana ambaye wenzake walimwita Kimya.

Fundi alimwita Daktari, mkuu wa programu, aliyekuwa ofisini kwake mwisho wa ukumbi. Daktari aliitazama ndoo, akauliza ni nani aliyekuwa wa mwisho kuingia chumba cha kabati jana jioni, akajibiwa kwamba ni yule mvulana anayeitwa Wakili, saa kumi na moja na dakika kumi. Hakuuliza lingine. Ilipofika saa mbili na nusu, barua ya kumfukuza mvulana huyo ilikuwa imekwisha kuchapwa, ikingoja sahihi ya Mkurugenzi tu.

Taasisi yenye maabara hiyo hupokea wanafunzi kumi na wawili wa sekondari kila likizo ndefu, ili kwa wiki tatu wajifunze uhandisi wa kibayolojia kwa mikono yao wenyewe. Maneno hayo ya mwisho yalichapwa kwa herufi nene kwenye kipeperushi, na msomaji anashauriwa kuyakumbuka. Wiki ya kwanza wanafunzi waliunda kiganja cha bandia kwa nyuzi na mirija. Wiki ya pili walitengeneza vidonge laini vya ute wa mwani. Wiki ya tatu, Jumatano saa kumi jioni, kila mmoja alipewa bakteria wasio na madhara na kichupa chenye jeni ya yavuyavu, yule mnyama wa baharini anayeng'aa. Bakteria hao walipakwa kwenye visahani vyenye dawa, vikawekwa kabati la joto: aliyeipokea jeni huzaana kuwa kitone kinachong'aa kijani chini ya taa ya zambarau, asiyeipokea hufa na kisahani hubaki kitupu. Alhamisi saa tano wageni wangekuja kuona matokeo.

Programu ilikuwa na nafasi moja ya kuingia shule maalumu ya sayansi, na hadi Jumatano nafasi hiyo ilikuwa ya Wakili. Mwanafunzi mwenye barua kama ile kwenye faili lake hapokelewi huko, wala kwingine kokote kunakofanana na huko.

Mkaguzi wa usalama wa maabara alifika saa tatu kasorobo kwa sababu ya fomu. Kisahani chenye bakteria kikivunjika, fomu ya kurasa mbili hujazwa, hata kama mvunjaji anajulikana. Alikuwa mama wa miaka hamsini na minane, aliyefanya upelelezi wa polisi kwa miaka ishirini kabla ya kuhamia kwenye glovu na vizimamoto, na alikuwa na kasoro moja kazini: alijaza kila kisanduku cha fomu. Kisanduku cha tano kiliuliza: *Tukio lilitokea saa ngapi?*

"Jana saa kumi na moja na dakika kumi," alisema Fundi. Alikuwa kijana mwembamba, na alisugua meza iliyokwisha kung'aa.

"Ulimwona akivunja?"

"Hapana, mama. Nilimwona anaingia chumba cha kabati. Mimi nilikuwa naosha vyombo. Alikaa kama dakika tano, akatoka, akawahi basi."

"Kwa hiyo ulichoona ni mlango."

Fundi alikiri kwamba alichoona ni mlango. Mkaguzi aliandika, kisha akamtaka aeleze asubuhi ilivyokuwa, hatua kwa hatua, hata yale ya kipuuzi. Yalikuwa machache. Alikuwa ameingia getini saa moja na dakika thelathini na tano. Alifungua maabara kwa ufunguo wake. Ufunguo wa pili anao Daktari, na hakuna wa tatu. Aliusogeza mtungi wa mvuke, ule wa kuchemshia taka kabla hazijatupwa, ukamuunguza kidole. Kisha akafungua kabati.

"Mtungi ulikuwa wa moto?"

"Nilidhani niliusahau jana."

"Huwa unausahau?"

"Hapana," alisema Fundi, akaanza kuisugua meza upya.

Mkaguzi alichuchumaa kwenye ndoo. Klorini huua kila kitu na kufuta kila rangi. Vipande vilivyozama vilikuwa vyeupe kama vipya vya dukani. Lakini kimoja, kidogo kama ukucha wa dole gumba, hakikuwa kimezama. Kilinasa chini ya ukingo wa ndoo. Alikichomoa kwa koleo, akakiweka chini ya taa ya zambarau, akavaa miwani ya rangi ya chungwa. Kipande kiling'aa kijani. Kilikuwa na vitone vitano, vya mviringo, vikubwa kama dengu.

Aliinua macho ukutani. Kwenye ubao mweupe kulikuwa na mwandiko safi wa Daktari, uliobaki tangu somo la jana: *Hakuna kitakachoonekana kabla ya saa kumi na mbili kupita. Zikipita kumi na sita: vitone kama kichwa cha pini.*

Akauangalia ubao kwa muda mrefu kuliko urefu wa maandishi yenyewe. Kisha akaomba kuonyeshwa vile kumi na kimoja. Vilikuwa vimepangwa tayari kwa wageni, vimejaa vitone vinavyong'aa, vyote kama dengu. Hakuna kilichokuwa kitupu, wala kilichokuwa na vitone vitatu vya kusitasita. Mkaguzi alikuwa ameona wanafunzi wengi wakifanya mambo mengi, na hakuwahi kuona kumi na mmoja wakipatia sawasawa.

"Stika hizi za kuchapwa ni za nani?"

"Za Daktari," alisema Fundi. "Wengi huandika chini ya kisahani kwa kalamu, ila yeye anasema wageni hawasomi miandiko ya watoto. Anachapa mwenyewe, wanafunzi wanabandika."

Wakili alikuwa amefungiwa chumba cha vitabu. Alikuwa na miaka kumi na sita, shingo ndefu na jina alilolipata kwa halali: kwa wiki tatu hakuna aliyemaliza sentensi mbele yake bila kupingwa. Leo alijibu kwa maneno mawili mawili. Alisema alirudi jana kufuata kalamu. Mkaguzi alimuuliza kalamu ya rangi gani. Wakili alifikiri mno kwa swali kama hilo.

"Nyeusi."

"Fundi anasema mligombana na Kimya jana."

"Tuligombana."

"Juu ya nini?"

"Mambo ya mezani."

"Kijana, saa tano kasorobo Mkurugenzi anatia sahihi. Ukiendelea kuninyima maneno leo, baada ya hapo utakuwa nayo mengi na hakuna wa kuyasikiliza."

Wakili alitazama mikono yake. Alisema hakuvunja kitu. Kwamba alifungua kabati, akaangalia, akafunga. Alichoangalia hakukitaja. Ila aliongeza jambo moja, kwa sauti ya mtu anayetoa kidogo ili asidaiwe kingi.

"Visahani vilikuwa vimelala vibaya. Mfuniko juu."

"Na inatakiwaje?"

"Vigeuzwe, mfuniko chini. Vikilala hivyo usiku kucha, mvuke unakuwa matone kwenye mfuniko, matone yanadondoka, vitone vinachanganyika. Tulifundishwa siku ya kwanza. Lakini ile ni kazi ya Fundi. Sikugusa."

Mkaguzi aliandika. Alikuwa ameitazama mifuniko kumi na mmoja muda mfupi uliopita. Ilikuwa mikavu.

Kwenye chumba cha mapokezi alikuta bibi mmoja, mshona nguo kwa kazi, amevaa gauni la kijani lililopigwa pasi hadi likawa na kona. Ndiye aliyemlea Wakili. Alikuwa ameambiwa na mtu fulani, kwa adabu, kwamba wazazi na walezi wangengoja nje. Naye aliamua kwamba ndani ya mapokezi ni nje.

"Mwanangu," alimwambia Mkaguzi, "huyu mtoto ana mdomo. Nimemfinya kwa ajili ya mdomo huo, na nitamfinya tena. Lakini akitenda anasema. Hana uwezo wa kunyamaza. Angekuwa nao, ningekuwa nimelala usingizi miaka yote kumi iliyopita."

"Leo amenyamaza, Bibi."

Bibi aliutafakari ushahidi huo. "Basi anamficha mtu," alisema. "Si yeye mwenyewe. Yeye hajajificha hata siku moja."

Kulikuwa na mwingine wa kuhojiwa. Daftari la mlinzi lilionyesha walioingia kabla ya basi la wanafunzi la saa mbili. Daktari, saa kumi na mbili na nusu. Kimya, saa moja na dakika kumi, ameletwa na mjomba wake. Fundi, saa moja na dakika thelathini na tano. Hakuna mwingine. Mlinzi aliapa kwamba msichana alikaa kwenye benchi mbele yake hadi basi lilipofika, akisoma, na kwamba mara mbili alimsemesha asijibiwe.

Hata hivyo Mkaguzi alimuuliza Kimya moja kwa moja kama alikivunja kisahani chake mwenyewe. Msichana alitikisa kichwa. Akamuuliza kama alikuwa na sababu ya kukivunja. Hapo kichwa hakikutikisika.

"Wakili ameandikiwa barua," alisema Mkaguzi. "Nadhani unajua ni kwa kisahani cha nani."

Kimya alifunga kitabu chake. Kisha akasema kwa mpangilio, kama mtu aliyeyaandika kichwani tangu jana.

"Sikutia jeni. Kichupa changu sikukifungua. Kila mwaka, mama, kipeperushi kina picha ya visahani kumi na viwili, vyote vinang'aa. Kaka yangu alikuwa hapa mwaka juzi, na alimwaga nusu ya kichupa chake chini. Kisahani chake kiling'aa kuliko vyote. Nikasema nitaona. Kama ni kweli, changu kitakuwa kitupu."

"Nani alijua?"

"Wakili peke yake. Alisema nitaiaibisha meza yetu. Alisema angerudi akitilie jeni yeye, nisipofanya mwenyewe. Lakini hakutia. Aliniambia jana kwenye basi kwamba alifungua kabati, akaona ni kudanganya, akafunga."

"Na kichupa chako?"

"Nilikiacha mezani. Namba saba."

Mkaguzi alirudi maabara. Kichupa namba saba hakikuwa mezani. Alifungua friza. Kwenye kishikio, katika tundu lake sahihi, kilisimama kichupa namba saba, muhuri haujakatwa, kimeganda barafu. Fundi aliulizwa nani alikirudisha. Alisema alipoondoka jana saa kumi na moja na nusu vichupa vyote vilikuwa mezani, na asubuhi hakugusa friza.

"Na visahani? Uliviacha vimelalaje?"

Kitambaa cha Fundi kilisimama. Alisema alikuwa amekusudia kuvigeuza baada ya kuosha vyombo, akasahau. Kwamba Daktari alikwisha kumkaripia mara mbili kwa kosa hilo hilo. Kwamba asubuhi aliwahi ili avigeuze kabla hajaonekana, akakuta vimegeuzwa tayari, akashukuru, akanyamaza.

"Ulimshukuru nani?"

"Sikujiuliza, mama."

"Watu wengi hawajiulizi," alisema Mkaguzi. "Fungua mtungi."

Saa nne na dakika ishirini Daktari aliitwa maabara. Alikuta Mkaguzi amekaa kwenye kiti kirefu na fomu yake, Fundi karibu na sinki, Wakili na Kimya wakiwa wametenganishwa na meza nzima. Bibi naye alikuwepo. Hakuna aliyemwalika na hakuna aliyepata ujasiri wa kumtoa.

Daktari alikuwa mtu nadhifu. Kalamu zake mfukoni zilisimama kwa urefu. Alisema wageni wako njiani na kwamba hakuona sababu ya baraza.

"Nimekwama kwenye kisanduku cha tano," alisema Mkaguzi. "Saa ya tukio. Barua yako inasema jana saa kumi na moja na dakika kumi. Bakteria walipakwa saa kumi. Kwa hiyo kisahani kilivunjwa saa moja na dakika kumi baada ya kupakwa."

"Ndivyo."

"Kipande hiki kilinasa juu ya klorini." Akawasha taa ya zambarau. "Kina vitone. Ubao wako unasema havionekani kabla ya saa kumi na mbili kupita. Kimevunjwa leo asubuhi, Daktari. Mvulana huyu leo asubuhi alikuwa kwenye basi."

Wakili aliinua kichwa. Daktari alikitazama kipande.

"Basi ni mwingine. Msichana alifika mapema."

"Alikaa mbele ya mlinzi, na hana ufunguo. Wenye funguo ni wawili. Fundi aliingia getini saa moja na dakika thelathini na tano, na mtungi wa mvuke ulikuwa wa moto alipofika. Unachukua muda gani kupanda na kushuka?"

"Karibu saa nzima," alisema Fundi, bila kuulizwa.

"Ukishapanda mvuke, unafunguliwa?"

"Haufunguliwi, mama. Utakulipukia usoni."

Mkaguzi aliweka sinia mezani. Juu yake kulikuwa na bonge la plastiki lililoyeyuka, la rangi ya maziwa, na kwenye ubavu wake kingo za mviringo zilionekana zikiwa zimelaliana. "Tumezihesabu mara mbili. Ni visahani kumi na viwili. Hivi ndivyo vya wanafunzi. Vile kumi na kimoja vilivyopangwa kwa wageni ni vyako, vya siku mbili au tatu, ndiyo maana vitone ni dengu badala ya pini. Stika unachapa mwenyewe. Kuchapa seti ya pili si kazi."

 Daktari alisogeza sinia hadi ukingo wake ukalingana na ukingo wa meza. Bibi aliliona hilo kabla ya wote, akaguna.

"Ulibadilisha vyote kumi na viwili," Mkaguzi aliendelea, "ukawasha mtungi, ukaanza kusafisha meza. Ndipo ulipokuta kichupa namba saba kimejaa. Msichana hakutia jeni, na wewe umemwekea kisahani kinachong'aa. Kile chake halisi kilikuwa ndani ya mtungi usiofunguka. Kikabaki kimoja cha kufanya: kukivunja cha uongo na kukizamisha. Ungefanikiwa, ila wewe huwezi kuharibu kitu kimoja bila kupanga vingine. Kichupa ulikirudisha kwenye friza kisiharibike. Na visahani, Daktari: Fundi aliviacha mfuniko juu. Mvulana aliviona hivyo na hakugusa. Aliyeviweka vile vipya aliviweka kama kitabu kinavyosema. Mtu aliyekuja kuharibu hakuwa na haja ya kujali matone."



"Mnajua ni wangapi hupatia?" alisema Daktari hatimaye. Hakumwambia Mkaguzi, aliwaambia wanafunzi. "Mara ya kwanza, kwa mikono inayotetemeka? Wanne. Pengine watano kati ya kumi na wawili. Mwaka wa kwanza wa programu saba waliondoka na visahani vitupu. Sikuona hata mmoja wao tena kwenye sayansi. Nikasema hapana. Mtoto asafiri kwa basi wiki tatu, amlete mama yake, halafu amwonyeshe utupu? Niliwapa sababu ya kurudi. Hiyo ni dhambi kubwa kiasi gani?"

"Kaka yangu anasoma sheria," alisema Kimya. "Alijua kwamba ameharibu, na kiling'aa. Alisema kumbe kazi yenyewe ni hiyo."



"Hayo ya visahani yana kisanduku chake," alisema Mkaguzi. "Ninachotaka ni barua. Ulijua hakuvunja. Ulikuwa na ndoo, ungeweza kusema kisahani kimeteleza mkononi. Fomu ingekuwa ya nusu ukurasa."

"Angeuliza kilitelezaje. Huyu." Alimwonyesha Wakili kwa kidevu. "Huyu huuliza kila kitu. Fundi aliponitajia jina lake, niliona... lilikuwa jepesi. Mtoto mgomvi. Watu wangeamini."

"Mimi mshona nguo," alisema Bibi. Alizungumza taratibu, bila kuinuka. "Mteja akiniletea kitambaa, nikakichoma na pasi, namwambia nimekichoma. Sisemi ni mjukuu wangu. Na ningeweza kusema. Yupo pale pale, na kelele zake kila mtu anazijua."

Daktari alitoa barua kwenye mfuko wa koti. Ilikunjwa mara tatu, sawasawa. Aliiweka mbele ya Mkaguzi, naye akaibana kwenye fomu kwa pini kama kiambatisho. Kisha Mkaguzi akamweleza kwamba fomu itafika kwa Mkurugenzi saa tano kasorobo, na kwamba wageni watafika saa tano. Kati ya hapo kulikuwa na dakika kumi na tano, ambazo mtu anaweza kuzitumia kusema mwenyewe, au kungoja kusemewa.

Daktari alisema mwenyewe. Alisimama mbele ya wageni thelathini, akasema visahani vile ni vyake, akaviondoa kimoja kimoja hadi meza ikawa tupu. Inasemekana aliviondoa kwa kufuata namba. Mkurugenzi aliiacha barua bila sahihi, akamsimamisha kazi Daktari alasiri ile ile, na kumwagiza Fundi arudie zoezi na wanafunzi Ijumaa jioni, bila stika.

Jumamosi asubuhi kabati la joto lilifunguliwa mbele ya wote. Visahani vilikuwa kumi na viwili, mfuniko chini, vimeandikwa kwa kalamu kwa miandiko ya kila namna. Vitupu vilikuwa vinane. Kimya, ambaye safari hii alitia jeni, alipata utupu. Akauandika kwenye daftari lake na kuupigia mstari. Hakuonekana kusikitika, ila aliuliza kama angeruhusiwa kujaribu tena Jumatatu, programu ikiwa imekwisha. Aliruhusiwa.

Wakili alimletea Bibi kisahani chake na miwani ya rangi ya chungwa. Bibi aliivaa juu ya miwani yake mwenyewe, akainama chini ya taa, akatafuta kwa muda.

"Ndivyo hivi vinne?"

"Ndivyo, Bibi."

"Vidogo."

"Kama kichwa cha pini. Ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu saa kumi na sita—"

"Sikukuuliza sababu. Ni vyako?"

"Vyangu."

Bibi aliinama tena, akavihesabu upya kwa ncha ya sindano ya kushonea, bila kugusa mfuniko. Vilikuwa vinne.